Mchawi Asiyekufa Akae Hadithini

Mwajua majira yale mpunga wa bonde la Kilombero unapoanza kuinamisha vichwa, na ndege wakaanza kushuka makundi kwa makundi. Jamaa nzima huhamia shambani. Mchana watoto hupanda dunguni wakapiga kelele na kurusha mawe. Usiku moto huwashwa, na bibi huanza: "Paukwa!" Nao hujibu: "Pakawa!" Ndipo hutoka sungura na fisi, hutoka zimwi mla watu, na mara nyingi hutoka mchawi mzee aliyezishinda siku zake, mchawi asiyekufa.

Leo twataka kuzungumza nanyi, watu wa Idete na wa vijiji vyote vya bonde letu, juu ya mchawi huyo. Mbona anajulikana dunia nzima? Na kwa nini yule yule anayewafurahisha watoto kando ya moto, mahali pengine ameleta vifo, hasa vya akina mama wazee? Jambo hili si la mchezo, ingawa tutaanza na mchezo.

MCHEZO USIO NA MPIRA

Mwaka wa 1974, huko Marekani, watu wawili waitwao Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo mpya, jina lake Dungeons & Dragons. Mchezo huu hauna mpira wala uwanja. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi. Wengine, kila mmoja hujichagulia mtu wa kuigiza: huyu ni askari, huyu mwizi, huyu mganga wa majeraha, huyu mchawi.

Msimulizi husema: "Mmefika mtoni. Daraja limevunjika, na ng'ambo kwaonekana moto. Mwafanya nini?" Kila mmoja hujibu kama vile angejibu yule mtu wake. Jambo likiwa gumu, dadu hutupwa. Dadu moja ya mchezo huu ina pande 20. Ikitoka namba kubwa, mtu amevuka salama. Ikitoka ndogo, ametumbukia majini, na wenzake sharti wamwokoe.

Usidhani kwamba safari zao zote ni vita na majoka. Mara nyingi ni mambo ya kila siku tu: kununua mkate, kutafuta mahali pa kulala, kubishana na mwenye duka juu ya bei ya kamba, kumfunga mwenzao jeraha, kulinda zamu usiku. Basi, wachezaji huwapenda watu wao wa kubuni, wakaendelea nao mwezi hata mwezi, wengine miaka mingi. Siku hizi michezo ya namna hii huchezwa hata kwa simu, na kijana wako akienda Ifakara au Morogoro kusoma, aweza kukutana nayo.

Ndani ya mchezo huo yumo adui mmoja wa kutisha kuliko wengi: mchawi aliyekataa kufa. Ati kwa uganga wake aliitoa roho yake mwilini akaificha ndani ya kitu, tuseme kisanduku, akakifungia mahali pa siri. Ukimkata kwa upanga, mwili waanguka, lakini baada ya siku chache amerudi tena. Hafi kabisa mpaka kisanduku kile kitafutwe na kuvunjwa.

KILA ASIYEKUFA ANA SINDANO YAKE

Je, hadithi hii ni ngeni? La, hasha! Warusi tangu zamani humsimulia mchawi mmoja aitwaye Koschei. Kifo chake hakimo mwilini mwake. Kimo katika ncha ya sindano. Sindano imo ndani ya yai, yai limo ndani ya bata, bata yumo ndani ya sungura, na sungura amefungiwa kasha kisiwani. Ukiivunja sindano, Koschei amekwisha.

Sasa turudi kwetu pwani. Nani asiyemjua Fumo Liyongo, shujaa wa upande wa Pate na Lamu? Mshale haukumwingia, mkuki haukumdhuru. Siri yake ilikuwa moja: achomwe kitovuni kwa sindano ya shaba. Adui zake hawakuijua siri hiyo, wakamdanganya mwanawe mwenyewe kwa ahadi za vyeo. Kijana akamwuliza baba, na baba, ingawa alitambua hila, akamwambia. Kijana akamchoma amelala. Habari hizi ziliandikwa katika utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, lakini wazee walizisimulia kabla yake.

Tazameni ajabu hii. Mkulima wa Urusi, aliyeketi katika theluji, hakupata kumsikia Liyongo. Wala mvuvi wa Lamu hakumjua Koschei. Lakini wote wawili walipomtunga mtu asiyekufa, walimwekea sindano. Kwa nini? Kwa sababu mtunga hadithi ni mtu mwenye akili. Anajua, na wasikilizaji wake wanajua, kwamba kila aliyezaliwa na mwanamke hufa. Hadithi hukupa ruhusa ya kusahau jambo hilo kwa saa moja tu, kisha hukurudisha. Mchawi asiyekufa, mwisho wa hadithi, hufa.

Tena hadithi ina mlango. Neno "Paukwa" ni mlango wa kuingilia. Mwisho msimulizi husema kwamba hadithi imekwisha, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yake peke yake: huo ndio mlango wa kutokea. Mtoto aliyetetemeka kwa hofu ya zimwi huamka asubuhi akaenda kuchota maji, wala hamtafuti zimwi kwa majirani.

Wale wachezaji wa Marekani nao wana mlango wao. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi wa huko waliogopa sana, wakasema mchezo huu unawafundisha watoto uchawi. Hofu ile ilipungua, kwani watu waliona wenyewe: mchezo ukiisha, vijana huweka dadu mfukoni, hunywa chai, huenda kulala. Hakuna aliyekwenda kukitafuta kisanduku cha roho nyumbani kwa jirani. Mchezo wenye mlango hauui mtu.

SIKU HADITHI ILIPOTOKA NJE

Lakini je, kama mlango haupo? Hapo yafaa tukumbuke mambo ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka wa 1904 huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitokea mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Yasimuliwa kwamba pepo aitwaye Hongo alimpagaa, akazama katika kidimbwi cha maji, jamaa wakamlilia. Kesho yake akatoka hai, na nguo zake kavu. Tangu siku hiyo watu walimwendea kwa maelfu kutafuta dawa. Dawa yenyewe ilikuwa maji. Aliyepakwa na kunyweshwa, ati risasi za Wajerumani zingemgeukia kuwa maji.

Tusiwacheke wazee wetu. Walichokililia kilikuwa cha kweli. Walilimishwa pamba kwa nguvu, walitozwa kodi, walichapwa viboko. Tena maji yale yaliyaunganisha makabila ambayo zamani yalipigana yenyewe kwa yenyewe. Ushujaa wao twauheshimu mpaka leo.

Vita vilianza mwezi wa Julai, 1905, katika nchi ya Wamatumbi. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile kule Mohoro. Yeye mwenyewe akafa. Lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kutembea mbele yake, yakapanda hata bonde la Kilombero na milima ya Mahenge. Tarehe 30 Agosti Wapogoro, na baada yao Wambunga, waliishambulia boma ya Mahenge. Walikwenda wamesongamana, bila kujificha, kwa sababu waliamini kwamba risasi ni maji. Ndani ya boma zilikuwamo bombomu. Msomaji, yaliyofuata waweza kuyafikiri mwenyewe.

Baada ya vita ikaja njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na ghala. Wao wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa 75,000. Wataalamu wa historia wa baadaye husema huenda walifika 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa.

Sasa sikilizeni neno moja la maana sana. Mtu alipoanguka vitani, je, wenzake walisema dawa ni ya uongo? Wengi hawakusema hivyo. Walisema: "Alivunja mwiko." Ati alilala na mke wake, ama alipora mali. Basi, dawa ya namna hii haishindwi kamwe. Mtu akipona, ni dawa iliyomponya. Akifa, ni yeye aliyekosa. Haina mahali pa kupimiwa. Hii ndiyo hadithi isiyo na mlango: ukiisha kuingia, kila jambo unaloliona laifunga kufuli zaidi.

MCHAWI WA KIJIJINI

Huenda utasema: "Hayo ni ya zamani." Ngoja kwanza. Tuyatazame ya nyumbani.

Ndugu mmoja amelima vizuri, akapanda mapema, akapalilia mara mbili, akapata magunia mengi kuliko wenzake. Mara maneno yaanza kilabuni: "Yule ana misukule. Usiku wafu wanamlimia." Mvuvi amekamatwa na mamba mtoni. Husemwa: "Mamba yule si wa kawaida, alitumwa." Mtoto ana homa kali, degedege limempata. Husemwa: "Amerogwa." Na aliyeroga ni nani? Kidole hakimwelekei kijana mwenye nguvu. Humwelekea bibi kizee anayeishi peke yake, mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea, mwenye macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 50, alipokuwa akiwapikia hao hao wanaomshtaki!

Watafiti waliofanya kazi Ifakara katika miaka ya 1990 walisikia watu wakieleza hivi: mchawi aweza kuuficha ugonjwa wa malaria, hata daktari akipima damu asione kitu; tena aweza kutengeneza homa inayofanana na malaria ambayo si malaria. Fikirini vizuri. Kipimo kikionyesha ugonjwa, sawa. Kisipoonyesha, ni mchawi aliyeuficha. Dawa ya hospitali ikishindwa, ni mchawi. Je, huyu si ndugu yake yule aliyesema, "Alivunja mwiko"? Ni kufuli ile ile.

Katika bonde hili, na hasa upande wa Ulanga, kwa miaka mingi waliotajwa kuwa wachawi walipelekwa kwa mganga kunyolewa nywele na kunyweshwa dawa, ili ati uchawi uwatoke. Wengine walikwenda kwa hiari ili wapate kuishi kwa amani na ndugu zao. Wengi hawakuwa na la kufanya. Walau hao walirudi nyumbani wakiwa hai. Lakini katika sehemu nyingine za Tanzania akina mama wazee wamekatwa mapanga vitandani mwao kwa neno la mpiga ramli. Sheria ya Uchawi iko tangu mwaka wa 1928. Lakini sheria hailali uani kwa bibi kumlinda. Anayeweza kumlinda ni jirani.

Na hapa Amri ya Mungu inatugusa sawasawa: usimshuhudie jirani yako uongo. Mtu hukiri kwamba aliiba kuku, na ni vema. Je, hukiri kwamba alinong'ona kilabuni jina la mama wa watu?

DAWA INAYOKUBALI KUPIMWA

Watu wa Idete, ninyi mnayo sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa kijiji chenu kimeandikwa katika vitabu vya waganga wa dunia nzima.

Mwaka wa 1993 ililetwa Idete chanjo mpya ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na mtaalamu Manuel Patarroyo wa Kolombia. Watoto 586 wenye umri kati ya mwaka 1 na miaka 5 walipata sindano zao zote tatu. Wengine walipewa chanjo yenyewe, wengine walipewa sindano isiyo na chanjo hiyo, na mpaka kazi ilipokwisha, wazazi hawakujua nani kapewa nini, wala madaktari waliowapima hawakujua. Kwa nini kuficha? Ili pasiwe na mtu wa kuona anachotamani kukiona. Kisha wakahesabu ni watoto gani waliougua.

Jibu lilitangazwa mwaka wa 1994: chanjo ilionekana kupunguza homa za malaria kwa kiasi cha 31 kwa mia. Watu walifurahi. Lakini hawakuishia hapo. Walijaribu tena Gambia, wakajaribu Thailand, na huko haikuonekana kufaa kitu. Basi wakasema waziwazi mbele ya ulimwengu: chanjo hii haitoshi, tutafute nyingine. Hakuna aliyesema kwamba akina mama wa Gambia walivunja mwiko.

Je, mwaona tofauti? Dawa ya kweli ni ile inayokubali kushindwa mbele ya watu. Kwa kuwa ilikubali kushindwa, waliofuata walijua pa kuanzia. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, na mwaka wa 2023 likaikubali nyingine, R21. Zote mbili zilijaribiwa pia hapa Tanzania, na Bagamoyo ni mahali pamoja zilipojaribiwa. Hata hizo haziponyi wote, na walioziunda husema hivyo bila haya.

Tena kumbukeni vyandarua. Tangu mwaka wa 1997 wilaya za Kilombero na Ulanga ziliuziwa vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Wataalamu walipohesabu, waliona kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo walipona na kifo kuliko wasiovitumia, tofauti ikiwa 27 kwa mia. Watoto hao leo ni watu wazima, wengine wana watoto wao. Hawakuokolewa kwa kunyoa kichwa cha bibi yeyote.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Je, twawaambia mwache kusimulia hadithi za wachawi? Hata kidogo! Mtoto asiyesikia hadithi hukua kama mti usio na kivuli. Katika hadithi hujifunza ujasiri, hila, huruma, na kwamba mwovu ana mwisho wake. Msimulieni Liyongo. Msimulieni hata yule Koschei wa Warusi. Na kijana akirudi likizo na mchezo wa dadu zenye pande nyingi, msimfukuze. Kaeni naye, mwulize mtu wake ni nani na amefika wapi. Huenda bibi akawa msimulizi hodari kuliko wote.

Lakini shikeni mambo matatu.

Kwanza, fungeni mlango. Hadithi ikiisha, semeni imekwisha. Mtoto akiuliza, "Bibi, je, zimwi liko?" mjibuni kweli: liko hadithini.

Pili, msimtie mtu mwenye jina ndani ya hadithi. Siku watoto wanapoanza kusema, "Mchawi huyu ni kama bibi Fulani wa kule mtoni," hapo hadithi imetoka nje ya mlango, nayo inashika panga. Mkatazeni mtoto papo hapo. Na mtu mzima akisema, mkatazeni zaidi, ingawa ni kilabuni na ingawa ndiye aliyenunua pombe.

Tatu, mtoto akipata homa, msiulize "nani?" Ulizeni "lini ilianza?" kisha mbebeni zahanati siku ile ile. Degedege halingoji ramli. Saa mnazopoteza kwa mpiga ramli ndizo saa ambazo mtoto angeponywa. Kipimo kikisema si malaria, basi kuna ugonjwa mwingine. Rudini kwa daktari tena, mmwambie kwamba mtoto hajapona. Kuuliza mara ya pili si utovu wa heshima.

Na yule bibi wa macho mekundu? Mpelekeeni kuni kavu zisizo na moshi mwingi, na kibaba cha mchele mpya. Msimwache alale peke yake wakati maneno yanapotembea kijijini. Mwombeni aje motoni kwenu jioni. Hadithi anazo nyingi kuliko ninyi nyote, na watoto watakapomzoea sauti, hakuna atakayewadanganya kwamba ni mchawi.